Mabaka meusi usoni baada ya kujifungua: jibu kwa dada wa Tanga anayekaanga maandazi

Swali lenyewe kwa kifupi, nimelipunguza kidogo tu: "Dokta shikamoo. Nina miaka 34, niko Tanga, nauza maandazi na chapati asubuhi. Mimba ya mtoto wangu wa pili ilinitoa mabaka meusi kwenye mashavu yote mawili na juu ya mdomo, nikaambiwa yataondoka nikijifungua, mtoto sasa ana mwaka na miezi miwili na bado ananyonya, mabaka yapo palepale. Niko kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Nilienda duka la vipodozi nikachanganyiwa krimu, wiki mbili uso ukawa mweupe unang'aa, nikapaka miezi minne, nilipoacha wiki tatu zilizopita uso umewaka moto, vipele vimetoka na mabaka yamekuwa meusi kuliko mwanzo. Shangazi anasema ni ini, jirani anasema damu chafu. Nirudie ile krimu nipunguze polepole au nifanyeje? Mdogo wangu anaolewa baada ya wiki tisa."

Marahaba mdogo wangu. Naanza na lile la haraka: hapana, usirudie ile krimu, hata kidogo, hata usiku mmoja kabla ya harusi. Najua ndo kitu kinachokuvuta saivi maana ukiipaka leo kesho kutwa uso utapoa na utakuwa laini, na hapo ndipo inapowakamata watu.

Ini halina kesi hapa. Mgonjwa wa ini kweli macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, tumbo linajaa, sio mabaka mawili yanayofanana kama yamepimwa kwa rula kushoto na kulia. Damu chafu nayo naisikia kila wiki na bado sijaiona maabara. Ulichonacho, kwa jinsi ulivyoeleza, kinaitwa melazma, neno limetoka kwenye Kigiriki likimaanisha weusi tu, halina siri yoyote. Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza rangi, ndo zinazokufanya uwe mweusi, na kwa mwenye melazma hizi seli za mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo na wakati mwingine kwenye taya zinakuwa na wepesi wa kushtuka, kitu kidogo tu zinamwaga rangi. Zinazozishtua zinajulikana: homoni za mimba na za uzazi wa mpango, jua, joto, na kuchokozwachokozwa ngozi yenyewe. Na ukoo, muulize mama au dada zako utashangaa. Wanaume pia wanapata, bodaboda wa mjini wanakuja nayo, ila wengi ni wanawake.

Sasa angalia maisha yako. Homoni unazo, kwanza za mimba afu sindano. Jua la Tanga unalo. Na joto, hapa ndo nataka tukae kidogo maana hamna mtu aliyekuuliza. Unaamka saa kumi alfajiri unawasha mkaa, unainamia karai la mafuta uso ukiwa shubiri mbili tatu kutoka kwenye moto, ukigeuza andazi unainama zaidi, moshi ukija unafunga macho ila uso unabaki palepale, na hivo kwa masaa matatu mazima kila siku. Nilikuwa na mgonjwa mpika chapati tulihangaika naye karibu nusu mwaka, kinga ya jua anapaka, dawa anapaka, shavu la kulia linapona la kushoto halisogei, mpaka siku moja nikamwambia hebu nionyeshe unavyokaa jikoni, akavuta kigoda akakaa ubavu ubavu, shavu la kushoto ndo limeelekea jikoni. Nilicheka mwenyewe kwa aibu, miezi yote hiyo nilikuwa namuuliza habari za jua tu.

Kwahiyo hilo la kwanza halina gharama: inua jiko au inua kigoda ili usiinamie, tumia kijiko kirefu cha kugeuzia, kaa upande ambao upepo haukuletei joto, na kama kuna binti wa kusaidiana naye mgawane karai na kusukuma unga. Sisemi uache kazi, mtoto atakula nini.

Lakini kabla sijaendelea, lazima uhakikishe ni melazma, mana sio kila weusi usoni ni huo na dawa zinatofautiana. Jiangalie kwenye kioo mchana, mlangoni, sio chini ya taa. Melazma inakaa pande zote mbili, kingo zake ziko kama ramani, haiwashi, haina magamba, haijainuka. Kama ni vidoa vidogo pale pale palipokuwa na chunusi, hayo ni makovu ya rangi, yanafifia yenyewe kwa miezi ukiacha kuminya. Kama ni duara moja au mawili meusi tii, labda kwenye mdomo au karibu na jicho, na kila ukimeza Septrin au dawa nyingine ya jamii ya salfa linawasha linachubuka afu linabaki jeusi zaidi pale pale, hiyo ni aleji ya dawa, naiona sana huku kwetu, na hamna krimu itakayokusaidia bila kuacha hiyo dawa. Kama weusi uko shingoni na kwapani, mnene kama kitambaa cha velveti, na mwili umeongezeka, nenda kapime sukari kwanza. Na kama kuna baka, jeusi au la rangi ya shaba au hata lililofifia, ambalo ukiligusa na pamba huisikii, acha kila kitu nenda kituo cha afya wakuangalie ukoma, bado upo na unatibika na dawa zake ni bure.

Wewe una melazma, na juu yake una kitu cha pili ambacho sio ugonjwa wa kuzaliwa nao, ni wa dukani.

Ile krimu yako ilivyochanganywa naweza kuiona bila kuwepo. Kopo tupu, muuzaji anakamua tyubu mbili tatu, ya kwanza ya betamethasoni au klobetasoli ambayo ni steroidi kali ya kutibu ugonjwa wa ngozi wa kweli, afu krimu yenye haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, afu losheni nyeupe kuongeza ujazo, anakoroga na kijiti, anakwambia paka usiku tu na usikae juani. Ndo mkorogo huo, hata ukiitwa jina zuri. Steroidi inabana mishipa ya damu na kuzima mwasho ndo maana siku chache tu uso unang'aa na vipele vinapotea, lakini huku chini inaila ngozi inakuwa nyembamba, na ngozi inaizoea, ukiinyima inawaka. Hicho kinachokuchoma saivi ukisogelea jiko, na vipele vilivyojaa, ni ngozi inayodai steroidi yake. Kwetu sisi weusi, wekundu wa ngozi huwa hauonekani vizuri, unaonekana kama shaba au weusi zaidi, ndo maana watu wanadhani ugonjwa umezidi na wanarudi dukani. Ukirudia unaanza kuhesabu upya. Ukivumilia, inatulia, kwa miezi minne uliyopaka nategemea wiki kadhaa, wengine miezi miwili mitatu. Ikizidi hadi huwezi kulala nenda kwa daktari, kuna namna ya kukushusha kwa steroidi dhaifu kwa siku chache au kukupa vidonge vya kutuliza vipele vinavyofaa kwa anayenyonyesha, lakini hiyo aiandike yeye. Na kama ulikuwa unapaka mwili mzima, sio uso tu, na saivi unasikia kizunguzungu, kuishiwa nguvu, kichefuchefu, hiyo sio ya kusubiri, nenda hospitali leo na uwaambie ulikuwa unapaka nini.

Haidrokwinoni nayo nisiiseme vibaya tu, ni dawa. Daktari akiiandika, asilimia 2 hadi 4, kwenye baka tu sio uso mzima, kwa miezi michache afu unapumzika, inafanya kazi vizuri kuliko nyingi. Tangu 1975 kuna mchanganyiko maarufu wa Wamarekani wawili, Kligman na Willis, uliochanganya haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi, na mpaka leo madaktari wanatumia wajukuu wa dawa hiyo. Shida ni kwamba mwaka huohuo 1975 madaktari wa Afrika Kusini ndo walieleza kwa mara ya kwanza kinachowapata wanawake waliopaka haidrokwinoni kali miaka na miaka: weusi wa bluu-bluu kwenye mashavu na kuzunguka macho, wenye vipunje vidogo vigumu kama mbegu, ambao hautoki. Yaani dawa ya kutoa weusi inaleta weusi usiotoka. Ukisikia utani wa uso Fanta miguu Coca-Cola, na vidole vyenye sugu nyeusi kwenye viungo, ujue wengine wameshavuka hapo. Mwangalie shangazi yeyote aliyepaka miaka ishirini utaelewa.

Na kuna zebaki. Hiyo haina dozi salama ya kujipaka usoni. Inaingia kwa ngozi inaenda kwenye figo, na watoto ndani ya nyumba wanaipata kwenye mto, kwenye taulo, kwenye mkono wa mama, na wewe unanyonyesha. Kwa nadra sana imeandikwa kwenye kopo, lakini ukikuta neno kalomeli au merkurio au mercury, au maelezo yanasema usiguse na dhahabu wala fedha wala aluminiamu, usiipake kabisa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwetu na Kenya na Rwanda pia, hapa Tanzania TBS, Shirika la Viwango, ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019, ila duka la pembeni halisomi gazeti la serikali. Kwahiyo lile kopo lako usilitupe kwanza, liweke kwenye mfuko wa plastiki ulifunge uende nalo kliniki, na mwambie daktari akupime mkojo kuangalia protini. Ni kipimo cha bei ndogo na kitakutoa wasiwasi.

Haya, matibabu.

Wiki sita za kwanza hamna dawa ya kutoa weusi, narudia hamna, kwasababu ngozi iliyochubuka ukiiwekea dawa yoyote inawasha, ikiwasha inamwaga rangi. Osha uso mara mbili kwa maji na sabuni ya kipande isiyo na harufu, au maji matupu asubuhi, futa kwa kugandamiza sio kusugua, paka mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato kabla hujakauka vizuri. Basi. Dodoki pembeni. Na mambo ya jikoni pia pembeni, hasa ndimu na limao, maana watu wanapaka ndimu wanatoka juani na maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza kabisa, nimeona mtu mwenye michirizi meusi kuanzia shavuni mpaka shingoni, unaona kabisa maji ya ndimu yalivyotiririka. Dawa ya meno, magadi, majivu, hizo sitaki hata kuzisikia. Liwa safi uliyosaga mwenyewe nyumbani sina ugomvi nayo sana, ni lile la pakiti lenye manukato na rangi ndo linalowatia watu mwasho.

Kinga ya jua ndo dawa yenyewe, sio nyongeza. Mtu anatumia laki kwenye krimu za kutoa madoa na kinga hana, ni sawa na kudeki chumba huku bomba linavuja. Tafuta sanskrini, yaani krimu ya kinga ya jua, ya SPF 30 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kinga) kwenda juu, na ukipata ile yenye rangi ya kahawia chukua hiyo, na hii sio urembo: ngozi nyeusi yenye melazma haishtuliwi na miale ya jua isiyoonekana peke yake, hata mwanga wa kawaida unaouona na macho unaitia weusi, na sanskrini nyeupe nyingi haziuzuii. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile ile inayotia rangi ya udongo. Na faida ya pili haikuachi na ule ujivujivu kama umetoka kwenye unga. Kama huipati au bei imekushinda, paka sanskrini ya kawaida afu juu yake faundesheni ya rangi yako, nyingi zina hiyo oksidi, inasaidia. Kipimo: kamua mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia kwenye shina mpaka ncha, hiyo ndo ya uso na shingo. Wengi wanapaka robo ya hapo afu wanasema haifanyi kazi. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje unatoka jasho. Jua kali huku kwetu ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, hata pakiwa na mawingu, hata ukikaa dirishani kwenye daladala maana kioo kinapitisha sehemu ya miale hiyo. Mtandio uvutwe mbele, kofia yenye ukingo, mwavuli, turubai juu ya meza yako ya maandazi, vyote hivyo ni dawa na havina madhara.

Kuna watu wataniuliza kuhusu ile kinga ya jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, Kilisun. Ni nzuri, ila imetengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino na wanapewa bure, kwao ni suala la saratani ya ngozi, sisi tuwaachie.

Ngozi ikishatulia, yaani haichomi ukinawa na vipele vimekauka, ndo unaanza dawa. Kwako unayenyonyesha ningeanza na asidi ya azelaiki asilimia 20, ni dawa tulivu, hata mjamzito anapewa, na inasaidia vile vipele pia. Unapaka usiku kwenye mabaka, kiasi cha punje ya harage, kwanza usiku mmoja mmoja unaruka, inachonyota kidogo siku za mwanzo, ikichoma kweli punguza. Niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5 asubuhi chini ya sanskrini ni ya kuongezea, sio lazima. Usitegemee kitu kabla ya wiki nane, na usiniandikie wiki ya tatu kwamba haifanyi kazi, ngozi ya juu yenyewe inachukua kama mwezi kujibadilisha na kwanza izibebe zile rangi zilizokwisha kumwagwa izitoe nje. Piga picha leo, mlango uleule, saa ileile, bila filta, na nyingine kila mwezi, mana kioo cha kila siku kinadanganya.

Ukimaliza kunyonyesha na bado yapo, daktari anaweza kukuandikia haidrokwinoni au tretinoini kwa muda. Ujauzito ukiwa kwenye mipango tretinoini hapana. Kuna na vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, Mjapani mmoja mwaka 1979 aligundua kwa bahati kwamba inapunguza melazma na kweli inapunguza, lakini inaweza kugandisha damu, mtu mwenye historia ya damu kuganda au aliye kwenye vidonge vya majira hapaswi kuigusa kiholela. Sindano na dripu za kung'arisha, sizishauri. Leza na zile dawa za kumenya uso kwa ngozi yetu naziacha mwisho kabisa na kwa mkono unaojua, nimeona mtu kalipa pesa nyingi akarudi na baka lenye umbo la mashine.

Matokeo yatategemea pia weusi uko kina gani. Ukiwa kahawia na kingo zinaonekana wazi, rangi iko juu, unatoka vizuri. Ukiwa kijivujivu kama jivu la mkaa, rangi imezama, hapo tunapunguza tu, sikudanganyi. Wengi wana mchanganyiko.

Sindano ya uzazi wa mpango. Usiiache kwa kusoma hapa afu ukashika mimba, mimba itakuletea mabaka kuliko sindano. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango waambie una melazma unataka njia isiyo na homoni, kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Wengine wakibadilisha inasaidia, wengine haibadiliki kitu, ila kwako ningejaribu. Na ujue kwamba hata ukipona, kiangazi kimoja bila kinga yanarudi, ndivyo ilivyo, unakuwa kama mwenye presha, ni kuishi nayo ukiwa umeishika.

Kuhusu harusi. Wiki tisa hazitoshi kuyatoa. Zinatosha uso kuacha kuwaka na vipele kukauka, na hapo mpambaji mzuri anafanya kazi: rangi ya chungwa kidogo sana iwekwe kwenye mabaka tu, kwa kugandamiza na sponji, afu faundesheni ya rangi ya shingo yako sio ya mkono, afu poda. Chungwa linaua ule ujivu, bila hivyo atakurundikia faundesheni uonekane kama umevaa barakoa. Mjaribishe wiki mbili kabla uone kama ngozi haikatai. Na siku ya singo, ile ya kumsugua bibi harusi, ukweni na mashoga wa bibi harusi watataka kuwasugua na wewe na dada zako kwa furaha, wape miguu na mikono wasugue watakavyo, ila uso waambie dokta kakataza, kaa kwenye mkeka uimbe.